Watu milioni 6 na tiketi ya treni: majibu ya maswali yenu kuhusu Marekani ya zamani

Habari zenu wasomaji. Toleo lililopita niliandika kuhusu maisha ya watu wa kawaida Marekani, nikasema mabadiliko makubwa ya kule mengi hayakuanzia ikulu, yalianzia jikoni, shambani na stesheni ya treni. Barua na meseji zilizokuja ni nyingi kuliko nilivotegemea, zingine ndefu kuliko makala yenyewe, na nimefurahi kweli. Siwezi kuzijibu zote ila nimechukua hizi, na ya kwanza ntaijibu kwa kirefu manake swali lake limeulizwa na watu wengi kwa namna tofauti.

Habari ya kazi mwandishi. Mimi ni mkulima wa pamba huku Shinyanga, na baba yangu alilima pamba mpaka anafariki. Umeandika kwamba watu weusi wa Marekani walihama kusini kwenda kaskazini kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1910. Mbona hawakuhama mapema? Utumwa si uliisha 1865? Walisubiri nini miaka 50 yote hiyo? – Msomaji, Shinyanga

Kaka asante sana, na nafurahi swali limetoka kwa mtu anayeijua pamba kwa mikono yake, utanielewa haraka kuliko wengine.

Utumwa uliisha kweli 1865 lakini ardhi haikugawiwa. Mtu kaachiwa huru leo, kesho hana jembe, hana nyumbu wa kulimia (yule mtoto wa punda na farasi), hana mbegu, hana hata pa kulala, na yule aliyekuwa bwana wake ndo bado mwenye shamba lote. Wengi wakajikuta wanarudi kulima palepale kwa mtindo wa mgao, yaani mwenye shamba anatoa ardhi, kibanda, mbegu na nyumbu, mkulima anatoa nguvu zake na za mke na watoto, pamba ikivunwa wanagawana. Ukisikia hivo unaona mbona ni haki tu. Sasa sikiliza palipokuwa na ubaya. Mwaka mzima kabla ya mavuno ile familia inakula nini? Inakopa. Unga wa mahindi, nyama ya nguruwe ya chumvi, viatu, dawa ya mtoto, vyote vinatoka kwenye duka la mwenye shamba au duka alilowaelekeza yeye, na anayeandika kwenye daftari sio mkulima, riba hapangi mkulima, mizani ya kupimia pamba sio ya mkulima na bei pia hajui ni ngapi mpaka atajiwe. Mwezi wa 12 mnakaa kufunga hesabu, daftari linafunguliwa, unaambiwa bado unadaiwa, mwakani endelea. Na huwezi kubisha. Mtu mweusi wa Mississippi mwaka 1910 kumwambia mwenye shamba mzungu kwamba hesabu yako ina makosa ni kitu kilichoweza kumtoa roho, hapa sikuzi jambo, watu walinyongwa kwenye miti mbele ya umati kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kwahiyo hawakuwa wamekaa wanasubiri, walikuwa wamefungwa na daftari. Na hata aliyeweza kutoroka angeenda wapi, manake viwanda vya kaskazini vilikuwa vinajaza wahamiaji kutoka Ulaya, Wapoland, Waitaliano, Wayahudi wa Urusi, meli kwa meli. Ndo maana mwaka 1910 kati ya kila watu weusi 10 wa Marekani 9 walikuwa bado wanaishi kusini.

Halafu mambo yakagongana kwa wakati mmoja. Kuna mdudu mmoja mdogo mwenye pua ndefu anayetoboa vitumba vya pamba na kutaga mayai humohumo ndani, aliingia Texas akitokea Mexico mwaka 1892 na kila mwaka akawa anasogea mashariki, anapopita shamba linabaki majani matupu. Wewe unajua msimu ukiharibika mkopo hauharibiki. Kisha 1914 vita ikaanza Ulaya, meli za wahamiaji zikakatika, na huku viwanda vya chuma vya Pittsburgh, machinjio ya Chicago na viwanda vya magari vya Detroit vina oda kibao na watu hamna. Ndo tajiri wa kaskazini akageuka kuangalia kusini kwa mara ya kwanza.

Sasa mkulima wa kijijini alijuaje? Hapa ndo penye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kulikuwa na gazeti la watu weusi Chicago linaitwa Chicago Defender, alilianzisha Robert Abbott mwaka 1905, kijana aliyezaliwa Georgia, alianza na senti 25 na nakala 300 akitumia chumba cha mama mwenye nyumba wake. Gazeti lilikuwa linawaambia watu wa kusini waziwazi tokeni huko, na kule kusini wenye nguvu hawakulitaka kabisa. Basi likawa linasafirishwa na wahudumu wa mabehewa ya kulala, wanaume weusi waliokuwa wanatandika vitanda na kung'arisha viatu vya abiria wazungu, abiria wengi hata hawakuwauliza majina, wote walikuwa wanaitwa George tu kwa jina la George Pullman tajiri wa kampuni ya mabehewa hayo. Hao hao akina George ndo walikuwa wanabeba mizigo ya magazeti kwenye treni na kuyashusha huko vijijini, nakala moja inapita mikono na mikono, asiyejua kusoma anasomewa kwa kinyozi au kanisani. Ndani kuna matangazo ya kazi, kuna barua, kuna ratiba za treni. Watu wakaanza kuandika barua kwa gazeti wenyewe, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la 3, wanauliza kama kuna kazi ya aina yoyote, wengine wanaomba jina lao lisichapishwe. Barua hizo nyingi zilikusanywa na kuchapishwa 1919 na ukizisoma unasikia kabisa sauti ya mtu anayenong'ona.

Wenye mashamba walishtuka. Polisi wakawa wanaingia stesheni kuwakamata watu wenye tiketi mkononi, na mji wa Macon huko Georgia ukaweka leseni ya dola 25,000 kwa wakala yeyote anayetafuta wafanyakazi wa kupeleka nje, pesa ambayo hamna wakala angeilipa. Wapi! Watu waliondoka usiku, waliuza kuku na vitanda, wengine waliacha hata chungu jikoni. Safarini walibeba kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha kwenye boksi la viatu, si kwa kupenda, ni kwamba kwenye behewa la chakula hawahudumiwi. Kuna kundi la watu 147 kutoka Hattiesburg, Mississippi, treni yao ilipovuka mto Ohio ambao ndo mpaka wa kusini na kaskazini, wanaume walisimamisha saa zao, wakapiga magoti humo ndani ya behewa wakaomba, kisha wakaimba wimbo wa kutoka nchi ya Misri. Nikifika hapo huwa naacha kusoma kidogo.

Chicago ilikuwa na watu weusi elfu 44 hivi mwaka 1910, ikafika elfu 109 mwaka 1920 na elfu 233 mwaka 1930. Wimbi la pili likaja na vita ya pili ya dunia na lenyewe lilikuwa kubwa zaidi, na hili litakugusa wewe mkulima: tarehe 2 Oktoba 1944 kwenye shamba la Hopson karibu na Clarksdale, Mississippi, walionyesha mashine za kuvuna pamba, mashine moja kwa saa moja ilivuna kama ratili 1,000 wakati mtu kwa mkono anavuna ratili 20. Kwahiyo yule aliyezuiwa stesheni mwaka 1917 asiondoke, sasa mwanae hatakiwi tena shambani. Mpaka 1970 walioondoka kusini wote kwa jumla walikuwa kama milioni 6.

Hujambo. Mimi natokea Bukavu naishi Chicago mwaka wa 4 sasa. Kazini watu wa rangi zote tunafanya kazi na kucheka pamoja, jioni kila mtu anapanda treni ya upande wake. Nikiuliza naambiwa ni mazoea tu ya watu. Kweli ni mazoea? – Msomaji, Chicago

Hapana ndugu yangu, sio mazoea. Ilipangwa, na ilipangwa kwenye karatasi.

Wale waliofika na maboksi ya kuku walisukumwa kwenye ukanda mmoja mwembamba wa upande wa kusini mwa mji, huko huko unakosikia panaitwa South Side. Watu wanaongezeka kila wiki, nyumba haziongezeki, wenye nyumba wakawa wanagawa fleti moja vipande vipande, kila chumba familia, jiko la gesi la plate 2 kwenye kona, choo kimoja watu wa korido nzima. Kwanini wasiende mtaa wa pili? Kwa sababu hati za nyumba za mitaa mingi ziliandikwa kabisa kwamba nyumba hii isiuzwe wala kupangishwa mtu mweusi, na mahakama ikalinda maandishi hayo mpaka 1948. Na pale ambapo hapakuwa na hati palikuwa na mawe. Julai 1919 kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa anaogelea ziwa Michigan akapitiliza ule mstari usioonekana wa maji ya wazungu, akarushiwa mawe, akazama. Polisi hakumkamata mrushaji. Fujo zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na wazungu 15, na kama uko karibu na mtaa wa 29 nenda siku moja ufukweni pale usimame uangalie maji, utaelewa kitu ambacho mimi siwezi kukiandika.

Miaka ya 30 serikali yenyewe ikaingia. Ikachora ramani za miji zaidi ya 200, mitaa mizuri ikapakwa kijani, ile iliyoitwa ya hatari ikapakwa nyekundu, na mtaa wenye watu weusi ulipata nyekundu hata kama nyumba zake ni safi. Ukiwa kwenye nyekundu mkopo wa nyumba wa riba nafuu sahau. Sasa fikiria vita imeisha 1945, vijana wanarudi, serikali inawadhamini wanajeshi wake wa zamani wapate nyumba, na huko Long Island karibu na New York mjenzi William Levitt anachukua mashamba ya viazi anajenga nyumba kama kiwanda, kundi moja linamwaga zege, linahamia kiwanja cha pili, lingine linakuja na mbao, lingine rangi, siku zingine nyumba 30 kwa siku. Alijenga zaidi ya 17,000. Mwaka 1949 nyumba iliuzwa dola 7,990, jiko na friji vimo ndani, mwanajeshi mstaafu anaingia bila kutanguliza hata senti. Lakini mkataba ulisema asiyekuwa mzungu haruhusiwi kukaa. Kuna askari weusi waliopigana vita ileile, wakavaa sare ileile, wakafika pale na karatasi zao wakarudishwa getini.

Agosti 1957 familia ya William na Daisy Myers walinunua nyumba Levittown ya Pennsylvania, mji mwingine aliojenga Levitt, kutoka kwa mzungu aliyekubali kuwauzia, na huyo Myers alikuwa askari mstaafu wa vita ya pili. Umati ulikusanyika nje usiku baada ya usiku, mawe yakavunja vioo, polisi wa jimbo ikabidi waletwe. Hawakuhama. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba nchi nzima ilipita 1968, wiki moja tu baada ya kuuawa Martin Luther King. Ila nyumba iliyonunuliwa dola 7,990 imeshapanda bei miaka 20, imeshasomesha watoto chuo, imeshaachwa urithi, na yule wa South Side miaka hiyo yote alikuwa analipa kodi ya chumba. Treni unayoipanda jioni inapita juu ya hesabu hiyo.

Mwanangu mwandishi, mimi ni mama mtu mzima huku Moshi. Umesema mashine ya kufulia na friji vilibadilisha maisha ya wanawake Marekani. Hivi vilipunguza kazi kweli? Nauliza manake wanangu wana mashine na bado wanalia wamechoka. – Mama, Moshi

Shikamoo mama. Swali lako watafiti wamelihangaikia miaka mingi na umelifikia ukiwa jikoni kwako.

Vilipunguza uzito, hilo halina ubishi. Mwaka 1935 mijini umeme ulikuwa jambo la kawaida lakini mashambani ni kama shamba 1 tu kati ya 10 lililokuwa nao, makampuni ya umeme yalisema kuvuta waya kwenda kwa mkulima mmoja mmoja hakulipi. Mama wa shambani Texas siku ya kufua alikuwa anachota maji kisimani ndoo baada ya ndoo, anachemsha kwenye pipa nje, anasugua kwenye ubao mpaka ngozi inachubuka kwa magadi, kesho yake anapiga pasi za chuma tupu zinazopashwa juu ya jiko la kuni, na hiyo ni Texas kwenye joto la mwezi wa 8. Mwaka huo 1935 serikali ya rais Roosevelt ikaanzisha shirika la umeme vijijini, wakulima wakachanga dola 5 kila familia wakaunda ushirika wao wakakopa pesa za nguzo na waya, na ndani ya miaka 20 karibu mashamba yote yakawa na taa.

Ila muda, mama, muda haukupungua kama walivoahidiwa. Zamani familia nyingi za mjini zilipeleka nguo kwa dobi au kwa mama wa kufua, mashine ilipoingia nguo zote zikarudi nyumbani kwa mke, na shati lililovaliwa siku 3 sasa linataka kufuliwa kila siku. Kipimo cha usafi kikapanda pamoja na mashine.

Na hao mama wa kufua tusiwapite hivihivi. Kusini wengi walikuwa wanawake weusi, na mwaka 1881 mjini Atlanta waligoma. Walianza 20, wakapita mlango kwa mlango, wiki 3 tu wakafika kama 3,000, wanataka dola 1 kwa kila ratili 12 za nguo. Halmashauri ikawatishia leseni ya dola 25 kwa mwaka, wao wakaandika barua kwa meya kwamba watalipa, ila bei ya kufua wapange wenyewe. Miaka 54 baadaye Marekani inapitisha pensheni ya uzeeni kwa wafanyakazi, wafanyakazi wa ndani na wa mashambani wakaachwa nje ya sheria. Yaani mama aliyefua nguo za nchi nzima hakuwekwa kwenye hesabu, na mimi nikisoma pale huwa naumia kabisa, sijui wewe.

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, Dodoma. Kwa heshima zote, mambo ya mafriji, maboksi ya kuku na madaftari ya duka ni hadithi za kusisimua lakini sio historia. Historia ni sheria, uchumi na viongozi. Unawachanganya wanafunzi. – Mwalimu, Dodoma

Mwalimu heshima yako, na najua mtihani unauliza nini kwahiyo sikulaumu. Ila naomba nikuonyeshe kitu kimoja tu.

Miaka ya 1936 mpaka 1938 Marekani ilikuwa kwenye hali mbaya ya uchumi, waandishi kibao hawana kazi, serikali ikawaajiri waende wakawahoji wazee waliozaliwa utumwani. Wakakusanya simulizi zaidi ya 2,300. Walioulizwa wengi walikuwa na miaka 80 na kitu, ni wajane, ni vibarua, hakuna waziri hata mmoja. Wahoji wengi walikuwa wazungu na wazee walikuwa waangalifu wanachosema, kwahiyo lazima usome kwa makini, lakini bila zile kurasa leo tungejua utumwa kwa daftari za wenye watumwa tu, idadi ya watu, bei, ratili za pamba. Sheria ya 1865 inakwambia utumwa umeisha. Haikwambii kama mama alikwenda kumtafuta mtoto wake aliyeuzwa, na alimtafuta kwa miguu.

Sisemi tuache sheria. Hapo juu nimetaja sheria na mahakama nyingi tu. Nachosema sheria ya nyumba bila mlango wa Levittown mwanafunzi anaikariri leo na wiki ijayo hana. Jaribu darasani siku moja, waambie kila mtu akamuulize bibi au babu yake ni kitu gani cha kwanza kuingia nyumbani kwao kilichobadilisha siku nzima, iwe redio, baiskeli, mashine ya kusaga, na nani ndani ya nyumba alikatazwa kukigusa. Hilo la pili usilisahau, hapo ndo utajua nani alikuwa na sauti.

Naomba kujua, ni kweli wanawake wa Marekani walipata kura kwa sababu ya barua ya mama mmoja? – Msomaji, Nakuru

Barua ilimalizia, kazi ilikuwa ya miaka zaidi ya 70. Agosti 1920 lilikuwa limebaki jimbo moja tu kukamilisha idadi ya majimbo ya kupitisha kura ya wanawake, ikawa zamu ya Tennessee. Mbunge mdogo kuliko wote, Harry Burn, miaka 24, alikuwa upande wa kukataa na ua jekundu la upande huo kifuani, ila mfukoni ana barua ya kurasa 7 ya mama yake, Febb Burn, mjane wa shambani, amemwandikia habari za nyumbani na katikati anamwambia awe mtoto mzuri apigie kura wanawake. Jina lake lilipoitwa akasema ndiyo. Ikapita. Lakini dada yangu ongeza hili, kwa wanawake weusi wa kusini ile kura ilibaki kwenye makaratasi mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, na Fannie Lou Hamer alipojaribu kujiandikisha Mississippi mwaka 1962 alifukuzwa siku hiyohiyo kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18.

Assalaam alaykum. Bibi yangu hapa Unguja alikuwa anaita kitambaa kizito cha pamba "merikani". Je, kina uhusiano wowote na Marekani yenyewe au ni jina tu? – Msomaji, Mkunazini

Waalaykum salaam. Ni Marekani yenyewe, na swali lako limenifanya nikae usiku kucha.

Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na 1837 akaja Unguja balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari huko Massachusetts. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, kinachodumu, na watu wa pwani na bara wakakipenda kuliko vya wengine. Kikawa ni kama pesa. Msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji unabeba majora ya merikani, ndo ya kununulia chakula, ndo ya kulipa hongo kwa watemi, ndo ya kununulia pembe za ndovu. Na ile pamba iliyofumwa Massachusetts ililimwa kusini na watumwa, babu na bibi wa hao hao niliomwambia kaka wa Shinyanga hapo juu. Vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika huku kwetu, vitambaa vya Bombay na Uingereza vikachukua soko, jina likabaki.

Sasa pembe zilienda wapi? Nyingi zilienda Connecticut, kwenye vijiji viwili, Deep River na kingine ambacho kwa ajili ya kazi hiyo kiliitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Zilikatwa vipande vyembamba vya kubandika juu ya vitufe vya piano. Na piano karne ile ya 19 Marekani ndo ilikuwa alama ya familia iliyojiweza, inakaa sebuleni, binti anajifunza, kijana akija kuchumbia anakaribishwa pale wazazi wakiwa chumba cha pili na mlango wazi. Mwaka 1909 zilitengenezwa piano zaidi ya 300,000. Kisha likaja gari, kijana na binti wakatoka sebuleni, ikaja redio, stesheni ya Pittsburgh ilianza kutangaza Novemba 1920, na muziki ukawa hauhitaji tena mtu wa nyumbani kuupiga.

Kabla ya kubandikwa vipande vile vilikuwa vinapaushwa kwa jua. Vilipangwa safu kwa safu ndani ya mabanda marefu ya vioo kando ya mto Connecticut, vinageuzwa, vinaachwa wiki kadhaa mpaka viwe vyeupe, pembe iliyobebwa begani na mpagazi wa Kinyamwezi miezi mitatu kwa miguu mpaka pwani na malipo yake majora ya merikani. Kama bibi bado yupo, muulize kitambaa kile walikishonea nini na walinunua duka la nani, niandikie, hata kwa kurekodi sauti yake tu inatosha.